Vichekesho vya papo kwa papo: mnaosema "mtu anazaliwa nayo" njooni tuelewane

FundiWaNgamiani:

Wakuu habari za jioni.

Nina kikundi kidogo hapa Tanga, vijana kumi na mmoja, tunacheza vichekesho vya papo kwa papo. Kwa asiyejua, hakuna skripti. Tunapanda jukwaani, tunamwomba mtu yeyote ukumbini atupe neno, na hapo hapo tunaanza kuigiza. Mkichoka tunashuka.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja aliniita pembeni baada ya onyesho. Akanipa mkono, akanisifia, akamalizia na ile kauli yenu: "Ila mwanangu, haya mambo hayafundishwi. Mtu anazaliwa nayo." Nikamshukuru. Usiku nikawa nageuka geuka kitandani, kwa sababu nina vijana wawili ambao nikiwaangalia naona kauli ile ina kasoro, ila sijui pa kuanzia kuivunja.

Mmoja tunamwita Kasuku. Mkute stendi ya Kange, makondakta wanaacha kuita abiria wanamsikiliza yeye. Hana siku mbaya. Mwingine tunamwita Kobe, ni fundi feni na pasi. Ukimsalimia anafikiri kwanza ndiyo anaitikia. Alipokuja kuomba kujiunga nilidhani amekosea mlango.

Sasa sikieni. Jumamosi hiyo neno lililotoka ukumbini lilikuwa "mguu". Kobe akaingia anachechemea, akakaa, akasema: "Daktari, mguu wangu umeanza kuongea." Hapo sini, yaani tukio la kuigiza, tayari ipo. Kuna mgonjwa, kuna daktari, kuna mguu wenye mdomo. Akaruka Kasuku: "Daktari gani wewe? Mimi nimekuja kusoma mita ya maji!"

Ukumbi ulipasuka. Labda sekunde nne. Baada ya hapo kimya, kwa sababu Kobe hana tena daktari, mguu hauna kazi, na Kasuku mwenyewe hana mita wala hajui aifanyie nini. Walisimama wanatazamana kama watu waliogongana gizani. Nikazima taa kuwaokoa.

Mazoezini Jumatatu nikawarudisha pale pale, nikiwa nimewageuza. Kasuku mgonjwa, Kobe daktari. "Daktari, mguu wangu umeanza kuongea." Kobe akanyamaza. Akainama taratibu, akaweka sikio kwenye goti la mwenzake. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Sisi tuliokaa tukaanza kucheka kabla hajasema neno. Akainuka:

"Unaongea Kipare."

"Unasemaje?"

"Unauliza nani atalipa."

Akarudisha sikio. "Halafu unasema tukiugusa tutaonana mahakamani."

Sini ilikwenda dakika saba, mguu ukaishia kuajiri wakili. Kobe ana miezi kumi na minne kikundini, mara tatu kwa wiki. Nina daftari la mahudhurio: amekosa siku mbili, na moja alikuwa anazika. Kasuku anakuja akijisikia, maana ana kipaji.

Haya, nani mwenye kipaji hapo? Karibuni.

MzeeWaKijiwe:

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Uzi wa kwanza wiki hii usio wa siasa.

BintiSame:

Mleta mada, kwa niaba ya ukoo mzima wa Wapare nakujulisha kwamba umeingiza miguu yetu kwenye mchezo bila ridhaa. Tukutane Same, njoo na nauli ya kurudi.

Ngongoti77:

Mkuu Fundi, naomba nitofautiane na wewe kwa heshima zote.

Sisi tumezaliwa tisa. Nyumba moja, baraza moja, mama mmoja aliyekuwa hodari wa kusimulia. Tumesikia hadithi zile zile kwa sauti ile ile. Anayechekesha ni mmoja tu, wa sita. Sisi wengine tukisimulia kisa kile kile alichosimulia yeye, watu wanauliza "halafu?" Kama ni mazoezi, mbona wote tulikuwa darasa moja?

Na niongeze. King Majuto, Mungu amrehemu, alikuwa akitokea tu kwenye kioo, hajafungua mdomo, watu wameshaanza kucheka. Uso ule unafundishwa chuo gani? Usinijibu kwamba alifanya mazoezi mbele ya kioo.

FundiWaNgamiani:

Ngongoti77, nashukuru umemtaja Majuto maana umenileta nyumbani. Amri Athumani, ndilo jina lake halisi, alizaliwa hapa Tanga mwaka 1948, na alianza kupanda jukwaani akiwa mtoto wa miaka 9. Wengi wetu tulianza kumjua kwenye zile filamu za CD za miaka ya 2000. Fanya hesabu: tulipomkuta ana zaidi ya miaka 40 jukwaani. Sisi tuliona uso unachekesha, hatukuona majukwaa yaliyoufundisha uso ule lini utulie na lini ukunjike. Na mnajua filamu zile zilivyokuwa zikichezwa, msanii anasimuliwa kisa tu, maneno anajitafutia mwenyewe mbele ya kamera. Bila akiba kichwani unatoa nini?

Kuhusu nyumba yenu ya watu tisa, hapo umenibana. Sitadanganya. Ila nikuulize: huyo wa sita, alipokuwa mdogo, nani alikuwa anamcheka? Mtoto akichekwa mara ya kwanza akapewa andazi, kesho anajaribu tena. Wewe ulipojaribu ukaambiwa "kaa chini", ulijaribu tena?

Ngongoti77:

Niliambiwa nikachote maji.

FundiWaNgamiani:

Basi hamkuwa darasa moja.

KisaraweYetu:

Naomba niseme kitu ambacho naona mnakizunguka. UTANI.

Sisi Wazaramo tuna watani wetu Wanyamwezi, jambo la tangu misafara ya wapagazi inayoshuka pwani kwenda Bagamoyo. Nilipokuwa na miaka kama kumi alifariki babu yangu. Siku ya maziko, jeneza limebebwa, watu wanalia, mara mtani mmoja akajilaza njiani. Kabisa, chali, na kanzu. Akasema marehemu alikufa na deni lake la kuku wawili, hapiti mtu. Shangazi yangu aliyekuwa analia hadi amekauka akamwambia, "Ondoka hapo, wewe mwenyewe hujawahi kuwa na kuku." Akajibu, "Ndiyo maana nawadai." Watu wakacheka msibani, machozi hayajakauka. Akapewa hela kidogo, akainuka, akashika jeneza na kulia kuliko sisi.

Hakuna aliyemwandikia. Ila mzee yule alikuwa haachi msiba, na watani wadogo walikuwa wakimfuata nyuma. Wanaanza kwa kuiba sufuria jikoni, wakikua kidogo wanaruhusiwa kumtania mfiwa wa mbali, na siku moja ndiyo wanajilaza mbele ya jeneza. Kosea hapo uone. Ukisema neno moja lililozidi, msiba wa watu unakugeukia. Hicho ni chuo, wakuu, na mitihani yake si ya kurudia.

Kwa hiyo mtu akija mjini anaongea haraka, anajibu haraka, mnasema kipaji. Huyo ametoka kwenye ukoo wa watani, ameanza na miaka sita.

MgeniRasmi:

Fupi na wazi: kipaji ni gari, mazoezi ni mafuta. Uzi ufungwe.

MzeeWaKijiwe:

MgeniRasmi hiyo peleka Kariakoo wakuchapie kwenye kanga.

Daftari_la_Namba:

Nimepitia uzi wote. Nitaweka takwimu kidogo, mnisamehe wapenda stori.

Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa fidla Berlin. Waliokuwa bora kabisa walikuwa wamefikisha wastani wa zaidi ya saa 10,000 za kujifua peke yao walipotimiza miaka 20. Ndipo ikazaliwa ile hadithi ya saa elfu kumi inayotembea mitandaoni. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake wakakusanya tafiti nyingi kwa pamoja, wakakuta mazoezi yanaeleza asilimia 26 ya tofauti kati ya watu katika michezo kama chesi, 21 katika muziki, 18 katika spoti. Si ndogo, ila robo ni robo. Sehemu kubwa iliyobaki ina vitu vingine, na si lazima vyote viwe kipaji: umri wa kuanza, mwalimu, hela, bahati.

Kingine. Charles Limb aliwaingiza wapiga piano wa jazi kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, matokeo yakatoka 2008, na 2012 kukawa na utafiti kama huo kwa marapa wa mitindo huru. Wakibuni papo hapo, eneo la mbele ya ubongo upande wa pembeni, linalohusika na kujichunga, linapunguza kazi, na la katikati linaongeza. Watu wakisoma hivyo wanadhani wabunifu wameumbwa na ubongo usio na bawabu. Tatizo ni kwamba wote waliopimwa walikuwa wazoefu tayari. Huyo bawabu huenda aliambiwa atoke nje baada ya kuona kwa miaka kwamba ndani hakuna hatari.

Na tofauti moja kati ya fidla na jukwaa la Fundi: mpiga fidla anaweza kujifungia chumbani miaka mitano. Kichekesho hakifanyiwi mazoezi peke yako, kwa sababu kipimo ni kicheko cha mwingine. Ndiyo maana wengi hawaoni kama ni mazoezi, wanaona ni kukaa kijiweni.

FundiWaNgamiani:

Daftari, hapo mwisho umeniokoa. Na kuna kitu nilitaka kukiweka tangu mwanzo, kinahusu hii michezo tunayotumia mazoezini.

Aliyeianzisha kwa sehemu kubwa ni mama mmoja wa Chicago, Viola Spolin. Alifunzwa na Neva Boyd pale Hull House, nyumba ya huduma kwa familia za wahamiaji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Spolin alipewa kazi ya maigizo kwenye mradi wa serikali, akakuta watoto na watu wazima wa mataifa mchanganyiko, wengine hawasikilizani lugha. Huwezi kumpa skripti mtu asiyesoma lugha yako. Akatunga michezo: mnarushiana mpira ambao haupo na kila mtu lazima auone una uzito gani. Mnainua meza isiyokuwepo. Watoto wakaanza kuigiza bila kuambiwa "igiza".

Angalieni hapo. Michezo hii haikutungwa kwa ajili ya wenye vipaji. Ilitungwa kwa mtoto yeyote aliyeingia mlangoni. Halafu mwanawe, Paul Sills, akaichukua akaenda nayo kwenye kundi la Compass mwaka 1955, na Desemba 1959 wakafungua ukumbi wa vichekesho wa Second City na wenzake. Pale walitoka kina Mike Nichols na Elaine May, hao wawili wa Compass, waliokuwa wakiomba hadhira iwape sentensi ya kwanza na ya mwisho, wao wanajaza katikati. Marekani nzima ikasema: vipaji!

Na hata leo Second City, onyesho likiisha, wachezaji wanarudi jukwaani kujaribu sini za papo hapo. Zilizochekesha zinachujwa na kurudiwa, usiku baada ya usiku, mpaka zinakuwa onyesho jipya. Kwa hiyo wale tunaowaona "wanatiririka" wamechuja mchanga mwingi tusiouona.

MC_Bila_Jina:

Mimi nitakuja upande mwingine kabisa, kwa sababu mazoezi yaliwahi kuniaibisha.

Naendesha sherehe, mwaka wa tisa sasa. Mwanzoni nilikuwa na daftari la vichekesho mia na kitu, nimevikariri kama Kurani. Nikajiona nimeiva. Harusi moja, ukumbi hautajwi, bwana harusi ndiyo anaingia, umeme ukakatika. Giza. Jenereta halijawaka. Maiki imekufa. Watu mia tatu wanasubiri mimi niseme kitu. Nikaanza kichekesho namba kumi na nne, cha mchungaji na mbuzi. Kwa kupaza sauti. Kwenye giza. Hakuna aliyecheka, mtoto mmoja alilia.

Kule nyuma mama mmoja wa kamati ya chakula, hata hajasimama, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Bwana harusi, shika wa kwako, tusije tukabadilishana." Ukumbi mzima ulianguka. Mpaka umeme unarudi bado wanacheka. Mama yule hajawahi kushika maiki maishani.

Nieleze hapo Fundi. Mimi ndiye niliyefanya mazoezi.

FundiWaNgamiani:

MC, umenifurahisha, na pole kwa mbuzi.

Ulifanya mazoezi ya kukumbuka. Mama wa kamati alikuwa na mazoezi ya kuangalia. Yeye aliona kilichopo: giza, maharusi, watu wamebanana. Akasema kitu kilicho wazi kuliko vyote. Wewe ulikuwa unaangalia ukurasa kichwani.

Keith Johnstone, Mwingereza aliyefundisha kwenye ukumbi wa maigizo wa Royal Court kule London kisha akahamia Calgary, Kanada, ndilo lilikuwa somo lake kubwa: acha kutafuta cha werevu, sema kilicho mbele ya macho yako. Mtu akihangaika kuwa wa kipekee anafanana na wengine wote wanaohangaika. Mwaka 1977 akaanzisha mashindano ya timu za maigizo ya papo kwa papo akiiga mieleka, na waamuzi na kila kitu, ili watu wazoee kushindwa mbele ya hadhira bila kufa. Hilo ndilo zoezi lenyewe, kuzoea kuanguka. Kobe ameanguka sana. Kuna mwezi mzima hakuchekesha hata mara moja, nilitaka kumwambia aache, nikaona haya kwa vile alikuwa anatutengenezea feni ya ukumbi bure.

MC_Bila_Jina:

Sasa huyo mama alianguka wapi?

KisaraweYetu:

Jikoni, mkuu. Miaka thelathini ya kupika na wanawake ishirini kwenye shughuli. Umewahi kukaa pale na neno lako likasalimika?

Mtu_wa_Lushi:

Wandugu, mimi niko wa Lubumbashi, kule Kongo, mutanisamehe kama Kiswahili yangu inatembea kilema kidogo.

Kwetu tulikuwa na kundi ya Mufwankolo, ya teatri, tangu zamani za radio. Batu bote ba Katanga banaijua. Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa mambo ya utamaduni, Johannes Fabian, alikaa nao akaangalia namna wanatunga mchezo. Walianza na methali moja tu, ya kusema utawala unaliwa mzima mzima. Hawakuandika kitu. Walikaa, wakabishana methali ina maana gani, wakagawana sehemu: huyu chifu, huyu mzee wa baraza, huyu bibi. Kisha wakasimama wakajaribu. Kila siku maneno yanabadilika, mafupi, marefu, mtu anaongeza, mwingine anamukatalia. Mwisho ukapitishwa kwenye televisheni.

Baba yangu alikuwa anapenda sana ile kundi na alikuwa anasema Mufwankolo "anaongea bule bule, Mungu alimupa". Lakini ile siku za mazoezi hakuna mtu aliziona isipokuwa wenyewe na ule mwalimu wa kigeni. Njo vile tu nilitaka kusema. Na tena, kwao mazoezi haikukuwa kusoma. Ilikuwa kubishana.

BintiSame:

Mtu_wa_Lushi karibu sana, Kiswahili chako kitamu. Hii ya kuanza na methali na ubishi tu naipenda kuliko habari zote za Chicago.

Ngongoti77:

Nimesoma yote. Nakubali nusu. Nakubali kwamba mazoezi mengi tunayaita kipaji kwa sababu hatukuwepo yakifanyika. Lakini Fundi, jibu bila kuzunguka: ukipewa vijana mia, wote uwafundishe miezi kumi na minne, wote watakuwa Kobe?

FundiWaNgamiani:

Hapana. Kumi wataacha mwezi wa kwanza, wengine wataolewa, wengine watahamia Dar. Waliobaki wote wataweza kusimama kwenye sini bila kuiua, hilo naweka sahihi. Wawili watatu watakuwa na kitu cha ziada. Sijui ni nini. Ukinilazimisha nikiite kipaji nitakiita, ila kwa Kobe nilivyokiona ni kwamba hana haraka ya kupendwa. Na hicho, miezi kumi na minne iliyopita, tulikuwa tunakiita ugonjwa.

MzeeWaKijiwe:

Kahawa imeisha. Tunasubiri mrejesho wa Kasuku.

FundiWaNgamiani:

MREJESHO (wiki sita baadaye, samahani kwa kuchelewa).

Nilimwita Kasuku nikamwambia hapandi jukwaani mpaka amalize wiki nne za mazoezi bila kukosa. Alinuna. Alikaa siku kumi hajaonekana, akarudi, akasema Kange kumepoa. Nikampa mchezo mmoja tu: wawili mnatunga hadithi, kila mtu neno moja moja kwa zamu. Wewe "Juma", mimi "alinunua", wewe "ng'ombe". Kwa mtu mwenye mdomo wa Kasuku hiyo ni jela. Neno moja, unanyamaza, unasubiri. Wiki ya kwanza alikuwa anasema maneno matatu akidai yameungana. Wiki ya tatu nikamwona anamtazama mwenzake mdomoni, kama mtu anayesubiri basi.

Jumamosi hii wakapanda wote wawili. Neno lilikuwa "mwiko". Kobe akawa mama mkwe anayeonja ugali wa mkwe wake. Akaonja, akatulia, akasema: "Huu ugali umenikumbusha marehemu." Nilimwona Kasuku ulimi unamwasha. Nina hakika alikuwa na kitu cha kuchekesha tayari, mabega yalishapanda. Akakimeza. Akainama, akasema kwa upole: "Naye alikula huu huu, mama."

Sikusikia sini iliyofuata kwa kelele.

Yule mzee alikuwepo tena. Kanifuata tunakusanya viti, kanipa mkono, kaelekeza kidole kwa Kobe aliyekuwa anakunja nyaya. "Umeona sasa? Nilikwambia. Kijana yule kazaliwa nayo."

Kobe akasimama na waya mkononi. Akafikiri kwanza.

"Ahsante mzee," akasema, akaendelea kukunja.